Ludo: Ushahidi wa Majina katika Safari ya Mchezo wa Nyumbani

Michezo ichezwayo ndani ya nyumba ni mingi, lakini ni michache iwezayo kuwakalisha mkeka mmoja mtoto wa miaka 6, kaka yake wa miaka 16, na bibi yao, kila mmoja akiwa na matumaini yaliyo sawa na ya mwenzake. Ludo ni mmoja katika hiyo michache. Ubao wake una rangi nne. Kila mchezaji ana kete 4. Dadu ni moja. Na shabaha ni kuzizungusha kete zote mpaka ziingie nyumbani kabla ya za wengine. Kwa sababu mchezo huu ni mwepesi na wa watoto, wanahistoria wameupita bila kuutazama, na wanalugha vivyo hivyo. Hilo ni jambo la kusikitisha, maana jina lake na maneno yatumikayo katika kuucheza ni ushahidi wa mambo makubwa kuliko mchezo wenyewe. Ni ushahidi wa njia ambazo vitu na maneno vilipitia mpaka vikafika pwani ya Afrika ya Mashariki, na wa jinsi Kiswahili kinavyompokea mgeni: humwachia jina lake, kisha kikampa kazi za wenyeji.

Asili ya mchezo

Asili ya ludo ni Bara Hindi. Huko kulikuwa na michezo miwili iliyo ndugu, chaupar na pachisi, iliyochezwa juu ya kitambaa kilichoshonwa kwa umbo la msalaba. Kila mkono wa msalaba ulikuwa na safu 3 za miraba 8, yaani miraba 24, na mikono yote minne miraba 96, mbali na uwanja wa katikati. Katika chaupar wachezaji walirusha dadu ndefu mfano wa vijiti. Katika pachisi walirusha makaure ya pwani, yaani kauri, wakahesabu yale yaliyoanguka yakielekeza mdomo juu. Jina la pachisi latokana na neno la Kihindi pachis, maana yake 25, kwa kuwa hiyo ndiyo hesabu kubwa aliyoweza kuipata mtu kwa mrusho mmoja wa kauri 6.

Mchezo huo haukuwa wa watoto peke yao. Katika mji wa Fatehpur Sikri, uliokuwa makao ya mfalme Akbar katika miaka ya 1570 na mwanzo wa miaka ya 1580, uko uwanja wa mawe wenye alama za pachisi, na husimuliwa kuwa mfalme aliucheza mchezo huo kwa kutumia wajakazi wa jumba lake badala ya kete. Kama masimulizi hayo ni ya kweli au yametiwa chumvi, uwanja wenyewe bado wapo, nao waonyesha cheo cha mchezo huo katika zama zile.

Mambo mawili ya pachisi yafaa kukumbukwa, kwa sababu ndiyo yaliyobadilika baadaye. La kwanza ni kuwa watu wanne hawakucheza kila mtu kivyake. Walicheza wawili wawili, na wenzi waliketi wakikabiliana. Mmoja akimaliza kete zake alikuwa bado hajashinda mpaka mwenzake naye amalize. La pili ni kuwa kete zote zilianza safari katikati ya msalaba, zikashuka, zikazunguka, zikarudi katikati. Kwa maneno mengine, wachezaji wote walitoka nyumba moja na kurejea nyumba moja.

Mabadiliko ya Ulaya na Marekani

Waingereza waliotawala Bara Hindi waliuona mchezo huo wakaupeleka kwao, na Wamarekani pia wakaupata. Marekani ulipewa jina la Parcheesi, ambalo ni pachisi lililopotoshwa kidogo matamshi yake, na kampuni ya Selchow & Righter ikalisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara mwaka 1874. Hivyo neno lililokuwa hesabu ya kauri katika midomo ya watu wa India likawa mali ya kampuni moja ya New York. Wachezaji wa Parcheesi hutumia dadu mbili, na njia ya kete ina miraba 68.

Uingereza mchezo ulipunguzwa zaidi. Katika miaka ya 1890 ulisajiliwa kwa jina la ludo. Mikono ya msalaba ikafupishwa toka miraba 8 hadi 6, njia ya kuzunguka ikawa na miraba 52, kauri zikaondolewa, na mahali pake ikawekwa dadu moja. Wenzi wakaachanishwa, kila mtu akawa peke yake. Nyumba ya pamoja ya katikati ikabaki kuwa mwisho wa safari tu. Mwanzo wa safari ukahamishiwa pembeni, kila rangi na pembe yake. Mchezo wa watu wazima uliotaka mashauri baina ya wenzi ukawa mchezo wa watoto unaotegemea zaidi bahati ya dadu.

Yawezekana kusema kuwa mchezo uliharibiwa, na wapo wapenzi wa pachisi wasemao hivyo. Lakini upande wa pili una haki yake. Kupungua kwa hila ndiko kulikoufungulia mchezo mlango wa nyumba. Katika bao la kiswahili, fundi akicheza na mtoto, mwisho wajulikana kabla kete ya kwanza haijawekwa, na mtoto huambulia kutazama. Katika ludo mtoto aweza kumshinda baba yake jioni hii, na baba asiwe na la kusema ila kuilaumu dadu. Zaidi ya hayo, kijana aliyekwisha kuona michezo ya wadogo kuwa ni upuuzi hupata humo nafasi ya kuchagua: kete gani isogee, ipi ikae kulinda, nani afukuzwe na nani aachwe apite. Bahati yampa mdogo tumaini, na uchaguzi wampa mkubwa kazi. Ndiyo sababu wote wawili hukaa.

Majina na maana zake

Ludo ilipotoka Uingereza iliingia nchi nyingine, na kila taifa likaupa mchezo jina kwa kutazama upande mmoja wake. Wafaransa walitazama vipande, wakauita farasi wadogo. Waswisi walitazama mwendo, wakauita kwa methali ya Kijerumani ambayo mtu wa pwani angeifasiri papo hapo kwa haraka haraka haina baraka. Wajerumani walitazama moyo wa mchezaji. Josef Friedrich Schmidt wa München aliutengeneza upya katika majira ya baridi ya 1907 na 1908 ili wanawe watatu wapate shughuli nyumbani, na jina alilolichagua maana yake ni: Mwanadamu, usikasirike. Alipoanza kuutengeneza kwa wingi mwaka 1914, vita vilikuwa vimeanza. Alipeleka seti 3,000 katika hospitali za askari, na majeruhi waliopona walirudi kwao na mchezo mikononi. Kufikia mwaka 1920 seti milioni moja zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Waholanzi, Waitalia na Waserbia wakalitafsiri jina hilo la Kijerumani kwa lugha zao. Hivyo katika sehemu kubwa ya Ulaya mchezo huitwa kwa wasia ambao mzazi humpa mtoto kete yake inapofukuzwa karibu na mlango wa nyumba.

Jina la Kipolandi lahitaji kutajwa peke yake. Wapolandi huuita mchezo huu Chińczyk, yaani Mchina. Mchezo huu haukutoka China. Atakayeandika historia kwa kutegemea jina hilo peke yake atapotea kwa umbali wa milima ya Himalaya yote. Hapa pana funzo kwa kila achunguzaye historia kwa njia ya maneno: jina ni shahidi, lakini si hakimu, lazima maneno yake yalinganishwe na ushahidi mwingine kabla hayajakubaliwa.

Ludo katika Kiswahili

Kwa funzo hilo yafaa kulitazama jina litumikalo pwani na bara ya Afrika ya Mashariki. Watu wa hapa na watu wa Bara Hindi ni majirani wa bahari moja. Pepo za kaskazi na kusi zilivileta vyombo na kuvirudisha kwa karne nyingi, na pamoja na bidhaa yakaja maneno: gari, laki, hundi, bepari, chapati. Ingetazamiwa kuwa mchezo mashuhuri wa majirani hao ungeingia kwa njia hiyo hiyo na kuitwa kwa jina lake la kwao. Haukuitwa hivyo. Jina lililokaa katika Kiswahili ni ludo, na ludo ni neno la Kilatini lililopewa mchezo huo Uingereza.

Je, jina hili lidanganya kama lile la Wapolandi? Umbo la ubao lajibu. Ubao uchezwao Dar es Salaam, Mombasa au Unguja una mikono ya miraba 6 kwa 3, pembe nne zenye rangi nne, na dadu moja. Wala hauna kauri, wala wenzi wa lazima, wala mwanzo wa katikati. Huo ni ubao wa Kiingereza, si kitambaa cha pachisi. Jina na umbo vyakubaliana: mchezo uliozaliwa ng'ambo ya bahari ya jirani ulizunguka kwanza hadi London, ukavuliwa mavazi yake, ukavikwa jina la lugha isiyosemwa tena mitaani, ndipo ukaletwa. India yenyewe ilipokea ludo kwa njia hiyo hiyo, na mtoto wa Mumbai leo huucheza mchezo wa babu zake kwa jina walilolitoa Waingereza.

Ulinganisho na michezo mingine waithibitisha hoja hii, kwa maana majina ya michezo ya nyumbani katika Kiswahili yamepangika kama matabaka ya udongo. Tabaka la chini kabisa ni bao, lenye jina la Kibantu, na msamiati wake mwingi ni wa wenyeji. Juu yake iko sataranji. Huo nao ni mchezo wa asili ya Bara Hindi: katika Kisanskriti uliitwa chaturanga, yaani sehemu nne, kwa ajili ya vikosi vinne vya jeshi, Waajemi wakaupokea, kisha Waarabu wakauita shatranj, na kwa mlango huo ukaingia Kiswahili. Tabaka la tatu ni karata, kumbukumbu ya Wareno waliofika pwani mwaka 1498 na kuipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Kopa, shupaza, uru na pau ni copas, espadas, ouros na paus za Kireno. Turufu ni trunfo. Na yaelekea dadu nayo ni dado. Utawala wa Wareno ulikwisha, mizinga yao ikanyamaza, lakini wachezaji wa karata wamewahifadhia maneno yao mpaka leo. Tabaka la juu ni ludo, la wakati wa Waingereza. Hivyo michezo miwili ya Bara Hindi, sataranji na ludo, iliingia katika lugha moja kwa milango miwili tofauti, na kila jina lina alama ya mlango wake.

Hata matamshi yana ushahidi. Kiswahili hakipendi konsonanti zilizofuatana wala neno liishialo kwa konsonanti. Kwa hiyo shatranj ilitiwa irabu mahali pawili ikawa sataranji. Carta ikawa karata. Trunfo ikapoteza n na kupata u, ikawa turufu. Ludo haikuhitaji matengenezo yoyote. Ina silabi mbili, kila moja ni konsonanti na irabu, kana kwamba ilitungwa na Mswahili. Na lipo jambo jingine la ajabu zaidi. Katika Kilatini ludo si jina la kitu. Ni kitendo kamili chenye maana ya nacheza. Mwingereza hulitamka neno hilo bila kusikia maana ndani yake, na akitaka kulifasiri hana budi kutumia maneno mawili au zaidi. Kiswahili, ambacho nacho huweka mtendaji na wakati ndani ya kitendo, hulifasiri kwa neno moja tu, silabi kwa silabi karibu sawa.

Maneno ya ndani ya mchezo

Jina la nje ni la kigeni; lakini aketiye karibu na wachezaji husikia maneno ya aina nyingine kabisa. Vipande huitwa kete. Kete asili yake ni kauri ndogo ya pwani, nayo ndiyo iliyotumika katika bao, pamoja na komwe, mbegu za mkomwe. Kauri za pwani hii zilikuwa bidhaa kubwa katika karne ya 19, makampuni ya Hamburg yalipozinunua kwa wingi Unguja na kuzipeleka Afrika ya Magharibi zikatumike kama fedha. Katika mchezo, neno kete liliacha kumaanisha gamba la baharini, likawa jina la kipande chochote kisogezwacho juu ya ubao, kiwe cha mti au cha plastiki. Huko India kauri zilirushwa kama dadu. Huku zikawa kete za kusogezwa. Hakuna haja ya kudai kuwa jambo moja lilizaa jingine. Yatosha kusema kuwa bahari moja iliwapa majirani wawili gamba moja, na kila mmoja akaligeuza kuwa mchezo kwa akili yake.

Kete ikifikiwa na ya adui huliwa. Kitendo cha kula nacho ni cha bao, lakini maana yake imegeuka. Mla katika bao huzichukua kete za mwenziwe na kuzipanda upande wake. Utajiri wahama toka mikono hii hadi ile. Mla katika ludo hapati kitu. Kete iliyoliwa hurudishwa ilikotoka, na faida pekee ni hasara ya mwingine. Neno moja, michezo miwili, na maadili mawili. Nyumba vilevile. Katika bao nyumba ni shimo la pekee ambamo mchezaji huweka akiba yake, na mwisho huweza kuisafirisha. Katika ludo nyumba ni mahali pa kutoka na pa kurejea, palipo salama, na kila kete iliyo njiani ni kama msafiri. Watoto hawakufundishwa tofauti hii na mwalimu yeyote. Waliijua kwa kusikia.

Neno zamu, ambalo bila hilo hakuna mchezo wala amani, lina safari yake pia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliita zām muda wa saa 3 za mwendo wa chombo, na yaelekea kuwa ndiyo asili ya zamu ya mlinzi na zamu ya mchezaji. Mtoto apigaye kelele kuwa zamu ni yake hutumia, bila kujua, kipimo cha manahodha.

Kwa hiyo sura ya mwisho ni hii. Ludo iliingia na jina lake, lakini iliyakuta maneno ya bao, ya bahari na ya karata yamekwisha kuketi mkekani, ikayatumia. Yeye asemaye kuwa Kiswahili kimekopa mchezo huu asema nusu ya kweli. Kilichokopwa ni ubao na jina. Lugha ya kuucheza ilikuwapo.

Hatari iliyopo

Lugha hiyo ya kuchezea huishi mdomoni, na mdomo wa nyumbani ndio shule yake. Mtoto huhesabu miraba kwa sauti, moja hata sita, na mkubwa humsahihisha akiruka mraba. Kijana hudai kuwa kete yake haikuliwa kwa haki, na hudai kwa hoja; bibi huamua. Katika ugomvi huo mdogo hujifunzwa hesabu, sheria, zamu, na ufasaha wa kutetea neno. Wajerumani waliuita mchezo kwa wasia wa kutokasirika. Waswahili hawakuuandika wasia huo juu ya sanduku, bali huutoa kila jioni kwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tangu mwaka 2016, programu iitwayo Ludo King, iliyotengenezwa India, imeuingiza mchezo katika simu, na mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona, ilienea mno. Hapana haki ya kuilaani. Iliwaunganisha jamaa waliotengwa na mipaka, na kwa namna fulani ilimrudishia mwenyewe mali yake, maana sasa India ndiyo iusambazao mchezo uliotoka kwake. Lakini katika simu dadu hujirusha, kete huhesabiwa miraba na mashine, na kula hutendeka pasipo mtu kutamka kuwa amekula. Hakuna awezaye kuruka mraba, kwa hiyo hakuna wa kumsahihisha. Ugomvi umekwisha, na pamoja nao maneno ya ugomvi. Mchezo umebaki, kilichoondoka ni mazungumzo yake.

Kamusi zimeyahifadhi majina ya karata na baadhi ya istilahi za bao, kwa kuwa watunzi wake waliona hiyo ni michezo ya watu wazima. Msamiati wa watoto na vijana juu ya ubao wa ludo haujapewa heshima hiyo. Kukusanya maneno hayo si kazi ngumu: hakutakiwi mitambo wala safari ndefu, bali saa chache za kukaa kimya karibu na mkeka wa Tanga, wa Lamu, wa Bujumbura au wa Maskati, kuandika ni nani asemaye kete na nani asemaye neno jingine, na kuuliza wazee walisemaje walipokuwa watoto. Tofauti zitakazopatikana baina ya mji na mji zitaeleza njia za lugha kama vile ludo na pachisi zilivyoeleza njia za mchezo. Kazi hiyo yataka kufanywa wakati wazee wanaokumbuka wangali hai, na wakati mtoto angali akihesabu kwa sauti.